Maswali ya wasomaji: Kwa nini injini inarudishiwa moshi wake, na je EGR uizibe?

Mwezi huu barua za EGR, ule mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini, zimekua nyingi kuliko za kitu kingine chochote, na karibu zote zinaishia palepale, fundi kasema izibwe. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndo imebeba mzizi wa jambo lenyewe, hizo nyingine zinapanda juu yake.

Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa Iringa, naendesha dabo kebini ya dizeli ya bosi wangu, napeleka mizigo Dar na kurudi. Gari ilianza kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi, tukaipeleka gereji wakafungua bomba moja tukakuta limejaa masizi yananata, fundi akasema hiyo EGR ni ugonjwa tu, dawa yake ni kukata bati na kuziba. Kaziba, nguvu imerudi kweli ila taa ya injini imewaka na haizimi. Bosi anauliza tumeharibu gari au la. Na hivi kwa nini mtu atengeneze injini halafu airudishie moshi wake mwenyewe?

Marahaba mdogo wangu. Naanza na hilo la mwisho maana ukilielewa hilo mengine yanajijibu.

Hewa inayoingia kwenye injini asilimia 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Anayeunguza mafuta ni oksijeni, naitrojeni kwa kawaida inaingia na kutoka bila kushughulika na chochote. Shida inaletwa na joto. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda moto unafika nyuzi elfu mbili na zaidi, na joto likishapita kama nyuzi 1,400 hivi ile naitrojeni iliyokua imetulia inaanza kushikana na oksijeni na kutengeneza gesi zinazoitwa NOx, na joto likizidi kupanda gesi hizo zinaongezeka kwa kasi kubwa sana. Hizi ndo zinawasha macho na kubana kifua, mtoto mwenye pumu anayesoma shule ya kando ya barabara anazivuta kila siku. Zikichanganyika na mvuke wa mafuta halafu jua likazipiga zinatengeneza ozoni huku chini tunakopumua. Jambo hilo la jua alilifumbua mkemia Arie Haagen-Smit huko Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati watu wa mji ule walikua wanatokwa machozi mchana kweupe na hawajui ule ukungu unatoka wapi. Marekani ikaja kupitisha sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na kufika magari ya mwaka 1973 EGR ilikua imeshaenea kwenye magari yao. Kwa hiyo hii kitu ina zaidi ya miaka 50 na iliwekwa kwa ajili ya mapafu ya watu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Sehemu ya moshi inachukuliwa kwenye menifodi ya ekzosi, inapita kwenye valvu, kwenye dizeli nyingi inapita pia kwenye kipoza chenye maji ya rejeta, halafu inaingizwa kwenye inteki, ile njia ya hewa ya kuingilia injini, ichanganyike na hewa mpya. Moshi huo umeshaungua, una kabonidayoksaidi na mvuke wa maji, hauwaki tena. Ukiwa ndani ya silinda unafanya mambo mawili: unapunguza oksijeni kwenye mchanganyiko, na unabeba joto jingi kuliko hewa ya kawaida inavyoweza kubeba. Jiko la mkaa ukilifunga kile kimlango cha chini nusu, mkaa unaendelea kuwaka ila haupigi ule moto mkali, ndo hivyohivyo kwenye silinda, mafuta yanaungua lakini joto haliruki mpaka kule naitrojeni inakoamka.

Sasa hiyo nguvu iliyorudi. EGR haifunguki muda wote. Ukiwa unapandisha Kitonga na mzigo, mguu umezama, kompyuta inaifunga kabisa kwa sababu hapo injini inataka oksijeni yote iliyopo. Inafunguka ukiwa unakwenda mwendo wa kawaida bila kulazimisha, na kwenye dizeli hata gari ikiwa imesimama inanguruma. Kwa maana hiyo valvu nzima haiwezi kukuibia nguvu mlimani, iko imefungwa. Kama umeziba na nguvu imerudi ujue valvu yako ilikua imekwama wazi kwa masizi, moshi unaingia hata pale usipotakiwa, oksijeni haitoshi, mafuta hayaungui yote, na huo ndo moshi mweusi uliokua unauona. Bati limefanya ile kazi ya kufunga ambayo valvu ilishindwa. Ungeisafisha ungepata nguvu hiyohiyo, na taa isingewaka.

Taa imewaka kwa sababu kompyuta ina sensa inayopima hewa inayopita baada ya ea klina. Ikifungua EGR inategemea hewa mpya ipungue, maana nafasi yake imechukuliwa na moshi. Isipopungua inajua moshi haujafika. Gari nyingine zinaishia kwenye taa, nyingine zinaingia kwenye hali ya kujilinda na hapo hata ukanyage vipi haivuti. Ndo mafundi wanakuja na hatua ya pili, wanakwambia sasa tuifute EGR kwenye kompyuta, ulipe tena, na anayefuta wakati mwingine ana faili alilopewa na mtu hajui limebadilisha nini kingine humo ndani.

Nikuambie ukweli wote, sio nusu. Ukiziba inteki inabaki safi, hilo siwezi kukataa, na dizeli nyingi za zamani zitatembea tu. Mwambie bosi hamjaua gari. Lakini ile gesi ya NOx inapanda, na ubaya wake haionekani. Baada ya kuziba bomba linatoa weusi kidogo kuliko mwanzo, dereva anafurahi gari imekua safi, kumbe kilichopungua ni masizi na kilichoongezeka ni sumu isiyo na rangi pale bombani. Volkswagen walikamatwa kwa jambo la jamii hiyo, tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba dizeli zao zilikua na programu inayotambua gari ikiwa kwenye kipimo, inasafisha moshi vizuri, ikitoka barabarani inalegeza, na NOx ilikua inafika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari kama milioni 11 duniani yalikua na programu hiyo. Dunia nzima ilikasirika, na mimi naona sisi tunafanya kitu cha namna hiyo kwa bati na boliti mbili na hakuna anayeuliza.

Kitu ambacho gereji yenu haikuwauliza ni hiki: masizi yale yametoka wapi? EGR inasafirisha tu, haizalishi. Na masizi peke yake ni makavu, yanayoyafanya yanate ni mvuke wa oili unaotoka ndani ya injini kupitia ile hosi ya kupumulia na kuingia inteki, vikikutana vinagandana. Kwa hiyo angalieni turbo (ile feni inayozungushwa na moshi ili ikandamize hewa kuingia injini) kama inavuja oili, nozeli za mafuta kama zinamwaga badala ya kupuliza, ea klina kama imeziba, ringi za pistoni kama zimeisha. Na naomba muangalie thamostati, maana huku kwetu imekua desturi fundi anaitoa na kuitupa eti nchi yetu ya joto. Bila thamostati injini inatembea ya baridi, mafuta hayaungui vizuri, mvuke na mafuta yasiyoungua vinaganda kwenye kuta za valvu na kipoza, na huo ndo mwanzo wa ule uchafu. Nimeona gari nyingi zinasafishwa EGR kila baada ya muda mfupi na tatizo lote ni thamostati ambayo haipo.

Kusafisha kwenyewe: valvu itolewe nje ya gari. Msipulize dawa kwenye inteki injini ya dizeli ikiwa inanguruma, dizeli ikivuta kitu kinachowaka inaweza kupanda mzunguko yenyewe na usiweze kuizima kwa swichi. Ile sehemu yenye mota na plagi ya umeme isiloweshwe. Sodakostiki isiguse kitu cha alumini, inakula, na nyumba za valvu nyingi ni alumini pamoja na inteki yenyewe. Inteki nayo ishushwe ndo isafishwe, ukikwangua ikiwa kwenye injini vipande vitadondokea kwenye valvu za silinda. Wekeni gasketi mpya, futeni kodi za kompyuta, yaani zile namba za hitilafu, na gari nyingi zinahitaji mashine kuifundisha kompyuta upya valvu inaanzia wapi na kuishia wapi, hilo nalo lifanyike. Bati litoeni.

Fundi habari, mimi ni mama wa Tabata, gari yangu ndogo ya petroli. Nimeambiwa EGR inarudisha mafuta ambayo hayajaungua yaungue mara ya pili ndo maana gari inakula kidogo, kwa hiyo ikizibwa gari itakula sana. Ni kweli? Na gari yangu inatetemeka nikiwa kwenye foleni, nikikanyaga mafuta inatulia.

Nzuri dada yangu. Maelezo hayo yamezagaa sana na sio kweli, moshi unaorudi una thamani kwa sababu hauungui, kama nilivyomueleza dereva wa Iringa. Ila kwenye petroli EGR inapunguza ulaji kweli, kwa njia nyingine kabisa. Injini ya petroli inadhibitiwa kwa kile kimlango cha hewa cha throto, ukienda taratibu kinakua kimefungwa sana na pistoni zinatumia nguvu kuvuta hewa kupitia kitundu kidogo, ni mafuta yanapotea hapo. Moshi ukiingizwa unajaza nafasi, kompyuta inaweza kufungua throto zaidi bila gari kukimbia zaidi, na pistoni zinavuta kwa urahisi. Ndo maana Toyota waliweka EGR yenye kipoza kwenye Prius iliyotoka 2009, gari ambayo shughuli yake yote ni kubana mafuta. Pia inazuia injini kugonga, yaani mchanganyiko kujilipukia wenyewe ndani ya silinda, kwa hiyo petroli iliyozibwa EGR unaweza kusikia inalialia ukiipandisha mlima, na kompyuta ikisikia inarudisha nyuma muda wa kupiga cheche, nguvu inapungua.

Huo mtetemeko wako sasa. Kwenye petroli gari ikiwa imesimama EGR inatakiwa iwe imefungwa, hewa inayoingia ni kidogo mno haiwezi kuvumilia moshi. Valvu ikikwama wazi hata kidogo gari inamisi, inatetemeka, inaweza kuzimika taani, na ukikanyaga mafuta hewa inaingia nyingi inatulia. Dalili zako zinafanana na hilo sana. Lakini plagi mbovu, koili mbovu, throto chafu na hosi ya vakyumu iliyopasuka vinaleta mtetemeko pia, kwa hiyo kabla hujanunua valvu mwambie fundi aanze na plagi na hosi ambazo ni bei rahisi, halafu ndo aishushe valvu aangalie kama kile kidude cha ndani kinakaa vizuri kwenye kiti chake. Mara nyingi ni kipande kimoja cha kaboni kimebanwa hapo, kikitolewa gari imepona.

Salama mwalimu, nasoma ufundi magari mjini Moshi. Tumefundishwa petroli inarudisha asilimia 5 mpaka 15 ya moshi lakini dizeli inafika hata nusu. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Na mwalimu wetu ametaja EGR ya presha kubwa na presha ndogo, sikuelewa.

Salama kabisa, swali lako limenipa raha. Jibu liko kwenye moshi wenyewe. Petroli inachanganya hewa na mafuta kwa kipimo kamili, oksijeni inaisha karibu yote, kwa hiyo moshi wake ni mzito wa kabonidayoksaidi na maji, kidogo tu kinatosha kupoza, na ukizidisha cheche inashindwa kuwasha mchanganyiko. Dizeli haina kipimo hicho, ikiwa haina mzigo inavuta hewa tele na mafuta kiduchu, moshi wake unatoka bado una oksijeni nyingi. Ukirudisha moshi wa namna hiyo umerudisha hewa kwa kiasi kikubwa, inabidi urudishe mwingi ndo oksijeni ishuke kweli. Mzigo ukiongezeka moshi unakua mzito na kiasi kinapunguzwa, mpaka kwenye kukanyaga mwisho inafungwa. Usisahau upande wa pili ambao utakusumbua ukiwa fundi: ukipunguza oksijeni kwenye dizeli NOx inashuka lakini masizi yanapanda. Hauwezi kushusha vyote viwili kwa EGR peke yake, ndo maana dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na nyingi zina mfumo wa maji ya yurea wa kupunguza NOx juu yake.

Presha kubwa ni pale moshi unapochukuliwa kabla ya turbo na kuingizwa kwenye inteki baada ya turbo. Unafika haraka lakini ni mchafu, na kila moshi unaouchukua hapo turbo imeukosa. Presha ndogo unachukuliwa mwishoni, baada ya turbo na baada ya chujio la masizi, unaingizwa kabla ya feni ya turbo inayokandamiza hewa. Huo ni msafi na wa baridi, turbo imekula moshi wake wote, ila njia ni ndefu kwa hiyo unachelewa kujibu ukibadilisha mguu. Gari nyingine zina zote mbili. Mimi nikiambiwa nichague gari ya kusafisha nitachagua ya presha ndogo, inteki zake ukizifungua unaona tofauti.

Habari ya Mombasa, fundi. Gari yangu ya dizeli inapunguza maji na chini hakuna tone. Fundi ashaniambia ni hedi gasketi, anataka kufungua silinda hedi wiki ijayo. Sijui nikubali?

Ndugu yangu, msimamishe kwanza. Inaweza kua hedi kweli, ila kuna mlango mwingine maji yanapotelea na watu hawauangalii, ni kile kipoza cha EGR. Ndani yake maji ya rejeta yanapita upande mmoja na moshi wa moto upande wa pili, vimetenganishwa na bati jembamba. Moshi una maji na salfa, vikiganda vinakua asidi, bati linaliwa taratibu mpaka linatoboka. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, imesaidia, lakini gari iliyokula mafuta ya zamani kabla ya hapo imeshaliwa, na kutumia maji ya bomba badala ya kulenti, ile dawa maalumu ya rejeta, nako kunaitoboa kutokea upande wa pili.

Mwambie fundi wako afungue bomba la EGR pale linapoingilia inteki. Kavu na jeusi ni kawaida. Akikuta unyevu, au sehemu imeoshwa imekua safi kuliko kwingine, au kuna utando mweupe wa kulenti iliyokauka, kipoza kimetoboka. Halafu akishushe, azibe tundu moja la maji, ajaze hewa kwenye jingine akiwa amekizamisha kwenye ndoo, mapovu yatasema. Kazi hiyo ni ya nusu siku, kufungua hedi ni kitu kingine kabisa kwa gharama. Na usiendeshe kwa miezi ukiongeza maji tu: mwaka 2018 kule Korea Kusini BMW waliyaita magari yao zaidi ya laki moja baada ya mengine kushika moto barabarani, na maelezo yao yalikua kulenti inavuja kwenye kipoza cha EGR, inagandana na masizi, halafu yanakuja kupata joto kali na kuwaka. Gari yako sio lazima iwe hivyo ila jambo lenyewe la maji kukutana na masizi sio la kuliacha.

Fundi, wa Kigamboni hapa. Mashine imesoma P0401, jamaa yangu gari yake P0402. Wote tumeambiwa tununue valvu mpya.

Hizo kodi mbili zinasema vitu vinavyopingana, kwa hiyo dawa moja haiwezi kua yenu wote. P0401 moshi unaorudi ni kidogo kuliko unaotakiwa: njia imeziba, kipoza kimejaa masizi, valvu haifunguki, hosi ya vakyumu imetoka, au kuna mtu alishaweka bati kabla hujaagiza gari au kununua, hili la bati liangalie la kwanza kabisa maana ni bure. P0402 unarudi mwingi kupita kiasi, hapo mara nyingi valvu haifungi vizuri, rafiki yako aanze kwa kuisafisha. Zote mbili sensa ikidanganya zinaweza kutokea na valvu ni nzima. Kama ingekua P0403 ningewaambia mkague waya na plagi ya umeme kabla ya kitu chochote. Valvu ya mtumba ukilazimika kununua, ifungue ukiwa dukani uangalie ndani, uisukume kile kidude kwa kidole kama muundo wake unaruhusu, kikigoma au kikibaki wazi irudishe hapohapo.